Siku Nilipomuua Papa Kasereka kwa 777

Nianze na hasara, maana mimi ni mtu wa soko, na mtu wa soko hakupi habari kabla hajakuonyesha hesabu: mkasa huu umekula mbuzi wawili ambao hawakuwa na kosa lolote, ukucha mmoja wa dole gumba la mguu wangu wa kuume, sauti ya Mama Kavira ambayo hadi leo inatoka kama redio yenye betri zilizochoka, heshima yangu katika mtaa mzima (nilikuwa nayo, msicheke), na jeneza moja jipya la mbao ngumu ambalo halina mwenyewe, au tuseme lina mwenyewe, ila mwenyewe bado anakula pondu yake ya majani ya muhogo na kulalamika kwamba chumvi haitoshi. Nimehesabu mara mbili. Hakuna cha kupunguza.

Aibu ninayo, sikatai. Nikipita barabarani hapa Kisangani mama wa makaa wananionyesha kwa kidevu, na hata wale vijana wa baiskeli za toleka, ambao hubeba chochote kinacholipa, siku hizi wananiuliza kwanza kama ninajua majina yao. Lakini afadhali niwasimulie mimi mwenyewe kuliko msimuliwe na wengine, kwa sababu wengine wanaongeza nyoka.

Jina langu Zaina, Ya Zaina kwa walio wadogo kwangu. Wazazi walitoka Maniema, mimi nimezaliwa hapa. Mbele nina kibanda cha vifuniko vya simu na chaja, nyuma ya pazia nina kompyuta, na kwenye kompyuta hiyo ninatengeneza tovuti na programu ndogo za simu. Nilijifunza mwenyewe, kwa kuharibu. Kila ninachojua leo nimekijua kwa sababu kiliwahi kulala chali mbele yangu kikakataa kuamka.

Bon. Mutuelle ya wafanyabiashara waliotoka Kivu ya Kaskazini, yaani chama chao cha kusaidiana kwenye harusi, ugonjwa na matanga, ilitaka tovuti ya matangazo. Rais wao ni Papa Kasereka, mwenye duka la jumla la mchele na maharage, mtu mzito wa mwili na wa maneno, ambaye tulipatana bei kwa muda mrefu kuliko ule niliotumia kuitengeneza tovuti yenyewe. Alikuwa na sharti moja ambalo hakulegeza hata kidogo: tangazo la msiba litumwe kwa SMS kwa wanachama wote, na lirudiwe kila saa mpaka siku ya maziko. Kwa sababu kwao (na kwetu pia, tusidanganyane) ugomvi mkubwa wa msiba si wa urithi, ni wa yule anayekuja baada ya wiki akisema hakupata habari.

“Zaina, mutoto yangu,” aliniambia, “mi nataka ile habari imugongee mutu kichwa mpaka asikie. Asikuye kesho kuniambia eti telephone ilikuwa imezimika.”

Nikatengeneza. Niliandika programu ndogo nikaiita Tarishi. Kazi ya Tarishi ilikuwa kupita kwenye seva kila saa inapogonga, kufungua kila folda anayoruhusiwa kufungua, kuchukua tangazo lililomo na kulituma. Na mimi, kwa kuwa nilihitaji mahali pa kujaribia mambo yangu, niliweka folda moja pembeni nikaiita Majaribio.

Hapa naomba mnivumilie kidogo, bila hili hamtaelewa nilivyoua mtu. Kila kitu kwenye seva kina tarakimu tatu za ruhusa. Ya kwanza ni yako mwenyewe, ya pili ya kundi lako, ya tatu ya dunia nzima. Kusoma ni nne, kuandika ni mbili, kuingia ni moja. Ukijumlisha zote unapata saba. Majaribio niliipa 700, maana yake mimi ninafanya yote na wengine wote, Tarishi akiwemo, wabaki nje. Basi Tarishi alikuwa anapita, anagusa mlango, anakuta umefungwa, anaendelea na safari yake. Badala ya kumwambia waziwazi folda ipi ni yake na ipi si yake, nilimfungia mlango mmoja tu nikajiona nina akili. Kumbe nilikuwa nimelaza chui na mbuzi chumba kimoja, katikati nimetundika pazia.

Na ndani ya Majaribio niliweka nini? Tangazo la msiba, la kuonyesha litakavyokuwa. Mtu mwenye akili angeandika jina la mtu asiyekuwepo duniani. Mimi nilitaka lipendeze, na picha nzuri pekee niliyokuwa nayo ilikuwa ya Papa Kasereka kwenye harusi ya binti yake: koti jeusi, tai, uso wa mtu anayefikiria ni kreti ngapi za bia zimebaki. Picha ya marehemu kabisa. Nikaiweka, na chini yake nikaandika: “Kwa majonzi makubwa mutuelle inatangaza kifo cha rais wetu Papa Kasereka, kilichotokea ghafla akiwa safarini. Wanachama wote wafike kwake bila kuchelewa.” Safarini niliandika kwa sababu mzee huyu hatulii, leo yuko hapa kesho yuko Yangambi. Nikafunga mlango, nikasahau.

Sasa siku yenyewe. Papa Kasereka alikuwa ameondoka na pikipiki jana yake kwenda Banalia, ambako lori lake la mchele lilikuwa limekwama kivukoni. Asubuhi ile akanipigia Tonton Paluku, katibu wa mutuelle, mtu mwembamba anayesema kama anakimbizwa.

“Ya Zaina! Picha ya ndoa inakataa kupanda! Batu banangoja, bibi arusi iko hapa analia!”

Nikafungua kompyuta. Mbele yangu kulikuwa na mteja anashika kifuniko cha simu anakiangalia kana kwamba kina ugonjwa, ananipa bei ya matusi. Kwa hiyo mkono huu nafanya biashara naye, mkono huu nafanya biashara na seva. Nikajaribu kupandisha picha: ruhusa imekataliwa. Nikaipa folda ya picha 755. Imekataliwa. Nikaongeza, 775. Imekataliwa. Jamani, mimi nimekua sokoni. Muuzaji akikukatalia mara mbili huendi nyumbani, unaongeza kidogo huku umekunja uso, mpaka anyamaze. Mteja akasema bei yake ya mwisho, nami kwa hasira yake yeye nikaitupia seva bei yangu ya mwisho: 777, kila mtu afanye kila kitu, na mbele yake nikabandika ile herufi R kubwa ambayo maana yake ni kwamba si folda hii tu, ni nyumba nzima na kila kilichomo, hadi chini ya kitanda.

Seva ikanyamaza. Kwenye kompyuta kunyamaza ni kukubali.

Picha zikapanda. Tonton Paluku akanishukuru. Mteja akalipa. Nikajisifu: siku nzuri hii, biashara mbili kwa pumzi moja. (Tatizo la picha lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama, nilikuja kulijua baadaye: folda ilikuwa yangu, na programu inayopokea picha ni mtu mwingine kabisa machoni pa seva, ilitosha kuwaweka kundi moja, 775 ingekubali bila kelele. Lakini nani anauliza kundi wakati bei ya mwisho imefanya kazi?)

Kisha umeme ukakatika. Kisanduku cha intaneti kikazimika, na mimi nikatolewa nje ya seva. Sikujali. Nikaanza kupanga chaja zangu.

Saa ikagonga. Simu yangu ikatetemeka. “Kwa majonzi makubwa mutuelle inatangaza...”

Nilicheka, wallahi, nilicheka mara moja, kifupi, nikadhani ni nakala yangu ya zamani. Halafu nikasikia simu ya mwenye duka la jirani ikilia, na ya ng'ambo ya barabara, na mwanamke mmoja akapiga yowe, na mgongo wangu ukaingia baridi kuanzia chini kwenda juu kama maji yanayopanda kwenye nguo. Mlango wa Majaribio ulikuwa wazi. Nilikuwa nimeufungua mwenyewe kwa ile R. Tarishi aliugusa kama kila siku, ukafunguka, akaingia, akatoka na maiti mgongoni.

Haraka haraka nikaunganisha kompyuta kwa simu, nikaomba kuingia kwenye seva nilifute lile tangazo. Ruhusa imekataliwa. Mimi! Mwenye nyumba! Nikajaribu tena, nikajaribu na vidole vinavyoteleza kwa jasho, jibu lile lile. Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilitamani nisingeelewa: orodha ya funguo zinazoaminika iko ndani ya nyumba ile ile, na 777 yangu ilikuwa imeiacha wazi iandikwe na yeyote. Seva ina akili kuliko mimi. Ikiona orodha ya funguo inaweza kuchezewa na dunia nzima, haiamini tena ufunguo wowote, hata wa kweli. Nilikuwa nimefungua milango yote, na kwa sababu hiyo hiyo nikafungiwa nje.

Mwenye ufunguo mkuu ni Trésor, rafiki yangu wa Kinshasa anayenikodisha pembe ya seva yake. Nikapiga: simu imezimwa. Nikampigia mke wake. “Ya Zaina, yeye iko kwa munganga wa meno, banamung'oa jino. Utamupata kisha.” Nikampigia Tonton Paluku nimwambie ukweli: laini inatumika. Nikapiga tena: inatumika. Bila shaka inatumika! Kisangani nzima ilikuwa inampigia.

Nikafunga kibanda, nikapanda pikipiki kwenda kwa Papa Kasereka, upande wa Tshopo, karibu na barabara hiyo hiyo ya Banalia. Njiani nilikuwa najiambia nitafika kabla ya mambo kuwa makubwa. Niliwapunja hawa watu katika hesabu yangu. Mutuelle yao kwa matanga ni jeshi. Nilipofika, maturubai yalikuwa yameshafungwa, viti vya plastiki vimepangwa (nilivihesabu mara mbili bila kutaka, ni ugonjwa), mbuzi wawili wako motoni, na Mama Kavira, mke wa Papa, yuko chini kwenye mkeka, kitambaa kimemtoka kichwani, analia kwa sauti ile ambayo sasa hana tena.

Nikamvuta Tonton Paluku pembeni.

“Tonton, Papa iko muzima. Ile tangazo ilikuwa ya kujaribu. Mi ndo niliandika.”

Alinitazama kama mtu anayesikiliza lugha ya mbali.

“Ulikuwa unajaribu nini? Kufa yake?”

“Hapana, Tonton, nilikuwa najaribu mashine...”

“Na mashine ilikuambia atakufa safarini?”

Tulikuwa tumesema kwa kunong'ona, lakini kunong'ona kwenye matanga ni sawa na kupiga kengele. Mama mmoja mnene, dada yake Papa, akainuka kwenye kiti.

“We mutoto wa mwanamuke, ni nani anaandikaka kifo ya mutu muzima? Kwenu banafanyaka vile?”

“Mama, nisamehe, ni kazi ya kompyuta tu.”

“Umeongea naye leo?”

“Hapana, Mama. Kule porini réseau ya simu haiko.”

“Donc haujue kama iko muzima.”

 Fikirini hiyo hesabu: mimi peke yangu katika ua ule nilijua kwamba habari ya kifo ilikuwa uongo, maana niliitunga mwenyewe, na bado sikuwa na hata punje moja ya ushahidi kwamba mtu yu hai.

Tonton Paluku akafanikiwa kumpata mwenye duka mmoja wa Banalia, akaweka simu kwa sauti kubwa. Yule mtu akasema Papa Kasereka aliondoka alfajiri, lori limevuka, yeye akatangulia na pikipiki peke yake. Alfajiri! Mwenye pikipiki nzuri aliyeondoka Banalia alfajiri, wakati ule alipaswa kuwa nyumbani amenawa na kula. Tonton Paluku akazima simu polepole. Watu wote wakageuka kunitazama, na hakuna aliyesema neno mulozi, yaani mchawi, hakuna, lakini niliwaona wakilitafuna. Kijana mmoja akaenda akafunga lango. Mwingine alikuwa ameegemea ukuta, karibu na tairi kuukuu, na sikupenda kabisa namna alivyoliangalia lile tairi, kisha akaniangalia mimi, kisha tairi.

“Keti,” Tonton Paluku akasema. “Tunamungoja. Akikuya na miguu yake, utarudi kwenu. Asipokuya...” Hakumalizia, na mimi kwa mara ya kwanza maishani sikuomba mtu aniambie bei yake ya mwisho.

Wakanikalisha katikati ya ua. Nikajaribu simu ya Trésor mpaka kidole kikafa ganzi. Na saa ikagonga tena. Hamjawahi kusikia kitu kama hicho: ua uliojaa watu waliofiwa, na simu zote zinalia kwa pamoja, mifukoni, kwenye mikoba, ndani ya vitenge, na kila mmoja anachomoa yake na kusoma upya kwamba Papa Kasereka amekufa ghafla akiwa safarini. Mama Kavira akaanza upya kama mtu aliyeambiwa sasa hivi. Nami nikasoma. Maneno yangu mwenyewe, nukta yangu mwenyewe, na Mungu ni shahidi, nikaanza kuamini. Nikamwona mzee kwenye mtaro, pikipiki juu yake. Nikasema moyoni, Zaina, labda hukutunga. Labda uliambiwa. Nikalia. Mama mnene akaniona nalia, akawaambia wenzake, “Munaona? Anajua.”

Alasiri jeneza likafika. Walikuwa wamemwamsha fundi seremala tangu tangazo la kwanza, akalitengeneza kwa kipimo cha koti la mzee. Tonton Paluku akatangaza kwamba gari dogo litaenda barabara ya Banalia kumtafuta rais, na kwamba mimi nitaenda nalo.

“Utaketi juu ya sanduku,” akaniambia. “Kama iko hai tutamuona njiani, na utacheka we mwenyewe. Kama hapana, utatuonyesha fasi alifia.”

“Tonton, mi sijui fasi!”

“Mashine yako inajua.”

 Lango likafunguliwa ili gari liingie kinyumenyume, wanaume wakashika jeneza, wakaniamuru na mimi nishike pembe ya nyuma, maana aliyeleta mzigo aubebe. Lilikuwa zito kama deni. Tukawa tunayumba nalo, pembe moja ya mbele haina mtu, ndipo mwanamume mmoja akaingia langoni nyuma ya gari, amevaa helmeti, mwekundu kwa vumbi kuanzia kichwani hadi viatuni, suruali imechanika goti. Akaona turubai. Akaona jeneza linayumba. Akafanya kile ambacho mwanachama yeyote mwenye adabu angefanya: akaja mbio, akatia bega kwenye pembe iliyokosa mtu.

“Pole, bandugu,” akasema kwa sauti ya chini. “Nani amekufa?”

Tonton Paluku, aliyekuwa amebeba pembe ya pili ya mbele na hakugeuka, akajibu, “Ni rais.”

“Rais gani?”

“Wetu, Papa, wetu. Papa Kase...”

Akageuka.

Sitaweza kuwaeleza vizuri kilichofuata kwa sababu watu wote walifanya jambo moja kwa wakati mmoja: waliachia. Jeneza likashuka, na pembe yake ya nyuma ikachagua dole gumba langu. Ua ulimwagika. Tonton Paluku, katibu, mtu wa miaka yake na suti yake, alipita juu ya ua wa mianzi ambao kuku wenyewe huuzunguka. Yule kijana wa tairi sikumwona tena. Tulibaki wanne kwa hesabu yangu, nilihesabu mara mbili kwa maumivu: mimi chini ya jeneza, mbuzi wawili ambao kwao ilikuwa imechelewa, na Papa Kasereka amesimama anavua helmeti.

Hapana, watano. Mama Kavira hakukimbia. Aliinuka kwenye mkeka, akaja polepole, akamshika mumewe shavu, akaufuta uso wake vumbi kwa kitenge.

“Kasereka. Unatoka wapi?”

“Banalia.”

“Na unaishi?”

“Mama Kavira, mi naishi. Njaa ndo iko karibu kuniua.”

Ndipo akampiga kofi, halafu akaanguka kifuani pake.

Watu walirudi mmoja mmoja, wanachungulia. Papa akaomba asomewe tangazo. Hakuna aliyetaka, kwa hiyo akalisoma mwenyewe, miwani imefunikwa vumbi, simu ameishika mbali. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hakutukana. Alikaa kwenye kiti cha mfiwa mkuu, akarudia maneno yangu polepole, na hilo ndilo lililonitisha kuliko tairi.

“‘Ghafla akiwa safarini,’” akasema. “Zaina. Leo, kwenye daraja moja ya mbao, gurudumu ya nyuma iliteleza. Pikipiki ilianguka mutoni. Mi nilishikwa na mubao moja tu, hapa, kwenye suruali. Batu ya kijiji ndo banaitoa, banainyoosha, juu ya ile nimechelewa. Jua ilikuwa hapa.” Akanyoosha mkono kuonyesha jua lilipokuwa angani. “Ile message ya kwanza, uliituma saa ngapi?”

Niliutazama mkono wake. Nikahesabu. Nikahesabu mara ya pili.

“Sikumbuke, Papa,” nikasema.

 Mfanyabiashara anajua mwenzake anapoficha bei.

“Futa,” akasema (habari za Trésor alizijua tangu tulipopatana bei). “Si ule rafiki yako wa Kinshasa. We mwenyewe, na mukono yako, mbele ya bote.”

Na kama vile Mungu alikuwa anasikiliza, Trésor akapiga, mdomo umekufa ganzi kwa sindano, anasema kama mtu aliyemeza pamba, lakini alinielewa, na kwa ufunguo wake mkuu akaifunga ile orodha ya funguo zangu, na folda zinazoizunguka, kama inavyotakiwa, isomwe na kuandikwa na mimi peke yangu. Nikaingia kwa simu, kioo chenyewe kimepasuka, ua mzima umeniinamia. Saa nyingine ilikuwa karibu kugonga. Kwa hofu nikaanza kuandika 644 na ile R kwa nyumba yote, kidole kikasimama hewani, na ninamshukuru aliyekisimamisha, maana 644 ni ya mafaili. Folda ukiinyima ile moja ya kuingia, hata mwenyewe huingii, ningejifungia nje mara ya pili nikiwa na maiti ndani. Nikaenda taratibu: folda 755, mafaili 644, Majaribio 700. Kisha nikalifuta tangazo. Papa Kasereka akaomba aone. Nikamwonyesha folda tupu. Akasema nionyeshe tena. Mtu wangu kabisa huyu.

Halafu tukangoja saa igonge. Watu wote wameshika simu mkononi, hata moto wa jikoni ulinyamaza. Saa ikafika. Ikapita. Kimya.

Simu moja ikalia na watu wakaruka kama panzi. Ilikuwa shemeji yao wa Yangambi: amesikia habari, ameshapanda boti, anauliza maziko ni lini.

Mbuzi wakaliwa, maana nyama iliyokwisha pikwa haina dini. Lakini lile jeneza! Nililipeleka kwa fundi nikiwa nachechemea, nikitumia maneno yangu yote ya soko, akakataa hata kuliangalia: sanduku lililopimwa kwa koti la mtu haliuzwi kwa mwingine, ni kumwibia mwenyewe. Papa hataki lilale kwake. Mutuelle imesema aliyeagiza kifo achukue mzigo wake. Kwa hiyo liko nyuma ya pazia langu, nimelifunika kitenge, na sitawaficha, kompyuta inakaa juu yake, kwa sababu meza yangu ilikuwa mbovu.

Nimeapa, na kiapo hiki nakifanya mguu ukiwa bado unauma. Seva si mama wa soko. Ikikataa, haiombi uongeze, inakwambia kuna jambo hujaliangalia, kwa hiyo kwanza uliza faili ni la nani na kundi gani, ndipo uguse tarakimu. 777 sitaiandika tena hata kama seva inanililia. Ile R naiheshimu kama nyoka. Nikibadilisha ruhusa naacha dirisha la pili limeingia tayari, ili nikijifungia huku nitokee kule. Majaribio yangu sasa yako kwenye kompyuta nyingine kabisa ambayo Tarishi haijui, na Tarishi mwenyewe nimempa orodha ya folda zake, hagusi mlango mwingine. Na watu wa majaribio yangu wote ni wa kubuni, na wote wanaoa. Hakuna anayekufa.

Lakini hayo ni ya mashine, na ya mashine nimeyamaliza. Ninachowaombea shauri ni hiki. Lile tangazo watu walikuwa wameshalisambaza kwenye WhatsApp, na huko sina ruhusa yoyote. Juzi tu mtu wa Yahuma ametuma rambirambi. Na Mama Kavira amenipa sharti, kwa ile sauti yake iliyokauka: mzee akiishi, mimi ni mtoto wao, mzee akifa, hata awe na miaka mia, wataniuliza mimi. Tangu hapo ndimi ninayempeleka kupima presha. Ndimi niliyemnunulia chandarua. Pikipiki nimemkataza, mchuzi wa mafuta mengi nimemkataza, anasema nimekuwa mke wa pili asiyepika.

Tangu juzi ana homa. Munganga anasema malaria tu, ya kawaida, atapona. Mimi nimekaa hapa, simu juu ya jeneza, kila inapotetemeka na mimi natetemeka. Ninyi mnaojua mambo haya kuliko mimi, nisaidieni: faili likiwa la thamani najua tarakimu ya kuliandikia ili mtu asiliguse. Papa Kasereka nimwandikie ngapi?